Meko ya Rumford, ya Franklin au jiko la vigae: ipi ikufae kupasha chumba joto

Nyumba za walowezi wa New England katika karne ya 17 zilikuwa na meko ambazo mtu mzima aliingia kwa kuinama kidogo tu. Mdomo wa mita 2.4 kwa 1.5 haukuwa ajabu, na kina kilikaribia mita 1. Magogo yaliteketea humo mchana na usiku, na bado Cotton Mather, mchungaji wa Boston, aliandika kwamba utomvu uliochuruzika kwenye ncha za kuni zilizokuwa zikiwaka uliganda kuwa barafu palepale mekoni.

Hesabu inaeleza kwa nini. Ili moshi usigeuke na kurudi chumbani, hewa lazima iingie mdomoni mwa meko kwa kasi ya karibu robo mita kwa sekunde. Mdomo wa mita 2.4 kwa 1.5 una eneo la mita za mraba 3.6, hivyo unameza mita za ujazo 0.9 kila sekunde, yaani 54 kwa dakika. Chumba cha mita 5 kwa 4 chenye dari ya mita 2.7 kina hewa kiasi hichohicho. Kila dakika moja hewa yote ya chumba ilipanda dohani, na nafasi yake ikachukuliwa na hewa ya baridi iliyopenya kwenye nyufa za milango na madirisha. Aliyekaa mbele ya moto alibabuka uso huku mgongo ukitetemeka. Kuongeza kuni kulizidisha mvuto tu.

Karne ya 18 ilileta majibu matatu yanayofaa kuwekwa bega kwa bega: sanduku la chuma la Benjamin Franklin (1744), jiko la vigae la Uswidi (1767), na meko ya matofali ya Count Rumford (1796). Anayekarabati nyumba ya zamani Ulaya au Marekani atakutana nayo. Mwenye nyumba ya enzi za ukoloni huko Limuru, Lushoto au Mufindi naye yumo, maana meko za ukutani za huko zilifuata desturi za Ulaya. Na anayejenga upya Njombe au Makete, ambako baridi ya Juni na Julai haina mzaha, anapaswa kuamua kabla msingi haujachimbwa.

Hukumu tuitoe mapema ili msomaji ajue tunakoelekea. Kama dohani ipo tayari na chumba kinatumika saa chache za jioni, jenga ya Rumford. Kama watu wanashinda nyumbani na baridi ni ya miezi mfululizo, na unaanzia msingi, jiko la vigae linashinda. Ya Franklin, kama alivyoichora mwenyewe, usiijenge. Ina wazo moja zuri la kuazima, basi.

Joto linakwenda wapi

Moto wa kuni hugawa joto lake kwa njia mbili. Sehemu husafiri kwa miale kutoka kwenye ndimi za moto na makaa hadi kwenye ngozi, ukuta na viti, bila kupasha hewa iliyo katikati. Sehemu nyingine, iliyo kubwa kuliko hiyo, huondoka na moshi. Franklin alikadiria kwamba meko za kawaida za zama zake zilipoteza angalau sehemu tano kati ya sita za joto lote.

Hapo ndipo wabunifu walipoachana njia. Franklin na Waswidi walitaka kuunyang'anya moshi joto kabla haujatoka nje. Rumford aliuacha moshi uende zake, akashughulika na miale: iongezwe, ielekezwe chumbani, na tundu la juu lipunguzwe lisimeze hewa kuliko inavyohitajika. Karibu kila tofauti utakayoisoma hapa chini, kuanzia bei hadi muda wa kupoa, inatokana na uamuzi huo mmoja.

Sanduku la Franklin

Franklin alilibuni Philadelphia mwanzoni mwa miaka ya 1740, akachapisha kijitabu cha maelezo mwaka 1744. Rafiki yake Robert Grace, aliyekuwa na tanuri la kuyeyushia chuma, ndiye aliyesubu mabamba. Gavana wa Pennsylvania alitaka kumpa hataza, Franklin akakataa. Fundi mmoja wa London aliliiga kwa mabadiliko madogo, akachukua hataza na kujipatia fedha. Mabadiliko yenyewe, kwa maneno ya Franklin, yaliharibu utendaji wake.

Mpangilio ulikuwa huu. Mabamba ya chuma cha kusubu yanaunda sanduku lililo wazi mbele, linalosimama ndani ya meko ya zamani. Nyuma ya moto kuna chemba nyembamba ya hewa yenye vizuizi ndani. Moshi hupanda mbele ya chemba hiyo, hupita juu yake, hushuka nyuma yake, hupenya chini ya sakafu ya meko, ndipo huingia dohani. Nafasi kati ya sanduku na kifua cha dohani, yaani ukuta ulio juu ya mdomo wa meko, huzibwa kwa ukuta wa matofali. Wakati huohuo hewa safi kutoka nje au kutoka chumba cha chini ya nyumba huja kwa mfereji uliopita chini ya sakafu, huingia kwenye chemba, huzunguka vizuizi, na kutokea vitundu vya pembeni ikiwa imepata joto.

Kwenye karatasi ni kazi ya kipaji. Hewa inayoingia chumbani imekwisha kupashwa, kwa hiyo nyufa za milango hazina tena sababu ya kuvuta baridi. Franklin aliandika kwamba sebule yake ilipata joto maradufu kwa robo ya kuni alizotumia zamani.

Tatizo ni njia ya kushuka. Moshi wa moto haushuki kwa hiari. Hushuka tu kama dohani iliyo mbele yake ina joto la kutosha kuuvuta. Asubuhi wakati wa kuwasha, au usiku moto ukififia, dohani ni baridi na mvuto ni dhaifu, na mdomo wa sanduku uko wazi. Moshi huchagua njia rahisi, nayo ni sebuleni. Kasoro ya pili iko kwenye maungio: chuma hutanuka na kunywea, udongo wa kuzibia hupasuka, na moshi hupata nyufa. Ya tatu ni masizi. Hurundikana kwenye pindo la chini, mahali ambapo ufagio haufiki bila kufungua mabamba.

Mafundi waliofuata, David Rittenhouse wa Philadelphia akiwa mmojawapo, waliiacha njia ya kushuka na kuutoa moshi moja kwa moja. Kinachouzwa leo kwa jina la jiko la Franklin ni hicho cha baadaye: sanduku la chuma, wazi mbele au lenye milango, na bomba linalopanda kutoka mgongoni. Kinapasha upesi na kupoa upesi, na hakina chemba ya hewa iliyokuwa kiini cha ubunifu wa 1744.

La kuazima ni mfereji wa hewa. Bomba la inchi 4 likipita chini ya sakafu kutoka nje na kutokea karibu na moto, likiwa na wavu wa kuzuia panya na kifuniko cha kufunga moto usipowaka, huboresha meko ya aina yoyote. Ni kazi rahisi sakafu ikiwa haijamwagwa, na ni kero kubwa ikiwa imekwisha kumwagwa.

Meko ya Rumford

Rumford ni jina la cheo. Mwenyewe aliitwa Benjamin Thompson, mzaliwa wa Woburn, Massachusetts, mwaka 1753, mwendo mfupi kutoka Boston alikozaliwa Franklin mwaka 1706. Mapinduzi ya Marekani yaliwaweka pande mbili: Franklin na makoloni, Thompson na mfalme. Thompson alikimbilia Uingereza, akatumikia Bavaria, akapewa huko cheo cha ukaunti, kisha akachapisha insha yake ya meko mwaka 1796. London ya wakati huo ilikuwa imejaa dohani zinazorudisha moshi, kwa hiyo alisikilizwa. Thomas Jefferson alijenga meko za namna hiyo nyumbani kwake Monticello.

Alichofanya ni kupunguza nafasi. Aliingia kwenye meko pana ya zamani na kuijaza matofali hadi ibaki ndogo, yenye kuta za pembeni zilizotandazwa na tundu la moshi jembamba juu ya moto, linaloitwa koo. Ndiyo sababu ni rahisi: inataka mwashi anayejua timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima), matofali, na mtu wa kumsimamia asibadilishe vipimo. Na mwashi atataka kuvibadilisha, kwa sababu meko yenye kina cha futi moja tu inaonekana kama kosa.

Anza kwa kusafisha dohani yote, la sivyo masizi ya zamani yatakuja kushika moto. Kisha angusha timazi kutoka ukingo wa ndani wa kifua cha dohani, yaani ule ukuta uliokaa juu ya linta, pale moshi unapoanza kubanwa. Weka alama sakafuni. Kutoka alama hiyo rudi nyuma inchi 4, sentimita 10: hapo ndipo uso wa ukuta mpya wa nyuma utakaposimama. Kama kifua kina unene wa inchi 9, kina cha meko kitakuwa inchi 13, karibu sentimita 33, na hicho ndicho kipimo alichokipenda Rumford. Utaona kwamba kina hakichaguliwi kwa macho. Kinazaliwa na unene wa kifua pamoja na upana wa koo. Kifua kikiwa chembamba, cha inchi 4 au 5, meko itatoka yenye kina kidogo mno, na dawa ni kuongeza unene wa kifua kwa ndani kabla ya kupima tena.

Ukuta wa nyuma uwe na upana sawa na kina: 33 kwa 33. Mdomo wa mbele uwe mara tatu ya hapo, sentimita 99, na urefu wake usizidi upana. Kuta mbili za pembeni zinaunganisha ncha za ukuta wa nyuma na kingo za mdomo, kwa pembe ya digrii 135 na ukuta wa nyuma. Ukaguzi ni mwepesi: kila ukuta wa pembeni utapimika karibu sentimita 47 sakafuni. Ukipata 40 au 55, kuna alama iliyosogea. Mdomo wa zamani ukiwa na upana wa mita 1.2 au zaidi, jenga miimo ya kuupunguza kwanza.

Ukuta wa nyuma upande wima, kwa timazi, mwanzo hadi mwisho. Mafundi wengi wa baadaye waliuinamisha mbele wakidhani unarudisha joto chumbani, na meko nyingi za karne ya 20 ziko hivyo. Rumford alikataza, kwa sababu mwinamo huo huusukuma moshi kuelekea linta badala ya kuuacha upande. Ukifumua meko ya kikoloni na kukuta nyuma imeinama, hilo ndilo eneo la kwanza la kushuku kama inafuka.

Kisha koo. Lina sentimita 10 kutoka mbele hadi nyuma. Katika meko kubwa sana inchi 5, si zaidi. Kifua kilichotangulia koo kizungushwe kwa ndani, kisiwe na kona kali. Linta ya zege iliyoachwa na kona ya mraba huufanya moshi ujiviringe na kumwagika nje, hata koo likiwa na kipimo sahihi. Chonga kona au jaza kwa udongo wa moto hadi upate mkunjo laini.

Ukuta wa nyuma na wa pembeni uishie sentimita 15 hivi juu ya ukingo wa chini wa linta, ukikatwa bapa juu. Bapa hilo linakuwa kibaraza nyuma ya koo. Upepo unaoshuka dohani hutua juu yake badala ya kupiga moto. Nyuma ya kuta jaza kifusi. Juu ya ukuta wa nyuma acha tofali au jiwe lenye upana wa sentimita 30 bila udongo wa kubana, liweze kutolewa wakati wa kufagia. Zama za Rumford aliyepita hapo alikuwa mtoto mfagia dohani. Leo ni brashi. Siku hizi weka pia kilango cha bamba kwenye koo, cha kufunga moto ukizima, maana koo lililo wazi huendelea kunyonya joto la nyumba usiku kucha.

Kwa ukuta wa nusu tofali wa vipimo hivi utahitaji kama matofali 90 hadi 100 ya kipimo cha kawaida, bila kuhesabu kifusi cha nyuma. Sehemu inayoguswa na moto ijengwe kwa matofali ya kuhimili moto na udongo wake. Saruji ya kawaida hupoteza nguvu ikipashwa moto mkali mara kwa mara, kisha maungio huanza kumwagika kama unga. Usitumie mawe ya mtoni: yana maji ndani, na yakipata moto hupasuka kwa kishindo. Rumford aliponda pia mabamba ya chuma nyuma ya moto, kwa kuwa chuma hupitisha joto upesi na kuupoza moto wenyewe. Alipendekeza kuta zipakwe chokaa nyeupe zirudishe miale. Katikati patakuwa peusi ndani ya wiki. Pembeni hubaki safi kama moto unawaka vizuri.

Linganisha sasa. Koo la sentimita 10, lenye upana wa wastani wa sentimita 43 kati ya kuta za pembeni, lina eneo la sentimita za mraba 430. Meko nyingi za zamani zilikuwa na tundu la 40 kwa 90, yaani 3,600, zaidi ya mara nane. Mdomo wa 99 kwa 99, kwa kasi ileile ya robo mita kwa sekunde, unameza mita za ujazo 15 hivi kwa dakika badala ya 54, na kifua kilichozungushwa kinaruhusu kasi ndogo kuliko hiyo. Ni nafuu kubwa, ila tusitiane chumvi: bado ni moto wa wazi. Inawapasha watu waliokaa mbele yake, na kuta wanazozitazama. Chumba cha pili hakitaihisi.

Kina kile cha inchi 13 kilifaa makaa ya mawe ya London, yanayokaa kwenye wavu mdogo wa chuma. Kwa kuni, kata vipande vya sentimita 35 hadi 40 na uvisimamishe vikiegemea ukuta wa nyuma. Moto mrefu unaopanda hutoa miale mingi kuliko gogo linalofuka likiwa limelala.

Jiko la vigae

Uswidi ilikuwa inaishiwa na kuni. Mwaka 1767 Carl Johan Cronstedt na Fabian Wrede, kwa agizo la serikali, walitoa muundo wa jiko ambalo moshi haupandi moja kwa moja bali unapitishwa juu na chini katika njia tano za matofali kabla ya kufika dohani. Nje limevikwa vigae vya kung'aa. Moto mkali wa saa moja au mbili hujaza matofali joto, kilango cha juu kinafungwa, na vigae hutoa joto hilo polepole kwa nusu siku au zaidi.

Hapa msomaji makini atauliza: mbona moshi wa Uswidi unashuka bila matatizo na wa Franklin ulikuwa unarudi? Kwanza, jiko la vigae lina mlango. Moshi hauna mdomo mpana wa kukimbilia. Pili, linawashwa kwa moto mkali tu, kisha linaachwa. Halifuki taratibu usiku kucha, wakati ambao mvuto huwa dhaifu. Tatu, njia zake ni pana na zina vifuniko vya kufagilia.

Faida yake kubwa mara nyingi haitajwi. Dohani iko wazi saa mbili kwa siku, na saa 22 imefungwa. Hakuna meko ya wazi inayoweza kushindana na hilo.

Gharama nayo ni halisi. Jiko la namna hii lina uzito wa tani moja na kuendelea, linahitaji msingi wake, na sakafu ya mbao hailibebi. Fundi wa kulijenga si mwashi yeyote, kwa sababu njia za ndani zikivuja kati yao moshi hukata njia na jiko halipati joto. Ukilijaza kuni kupita kiasi vigae hupasuka. Ukifika nyumba baridi Ijumaa jioni, utakaa saa mbili au tatu kabla hujaona mabadiliko, na Jumapili unaondoka ukiliacha na joto usilolitumia. Na kuna hatari moja isiyosameheka: kufunga kilango makaa yakiwa bado mekundu. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Kilango kifungwe makaa yakiwa yamekufa kabisa, na vilango vingi vya leo huachwa na tundu dogo makusudi.

| | Franklin ya 1744 | Rumford | Jiko la vigae |
|---|---|---|---|
| Joto huhisiwa baada ya | chuma kikipata moto, upesi | dakika chache, ukikaa mbele yake | saa 2–3 |
| Moto ukizima | hupoa haraka | kuta hubaki vuguvugu kwa muda | nusu siku na zaidi |
| Kinachopashwa | hewa ya chumba | watu na kuta | chumba kizima |
| Ujenzi | mabamba ya kusubu, mfereji chini | mwashi, matofali 100 hivi | mtaalamu, msingi, tani 1+ |
| Kasoro kuu | moshi kurudi, masizi chini | bado inameza hewa nyingi | polepole, ghali, hatari ya kilango |
| Kufagia | fungua mabamba | kutoka koo na kibaraza | vifuniko vya pembeni |

Kuchagua kwa hali yako

Nyumba ya Limuru au Lushoto yenye meko tayari: jua huwaka mchana, baridi huingia baada ya magharibi, familia hukaa sebuleni saa tatu au nne. Rumford. Hata usipojenga upya yote, kupunguza koo na kuzungusha kifua pekee huondoa nusu ya kero.

Nyumba ya wikendi au ya wageni: Rumford tena. Wageni hutaka kuuona moto, na hawatajifunza kanuni za kilango kwa usiku mmoja.

Nyumba mpya mahali pa ukungu wa mchana kutwa, wazee au watoto wachanga wakiwa ndani: jiko la vigae, mradi bajeti inaruhusu na fundi yupo. Likae katikati ya nyumba, vyumba viwili au vitatu vikigawana kuta zake. Ukilibandika kwenye ukuta wa nje unapasha bustani.

Nyumba ya kupanga, au yenye sakafu ya mbao na isiyo na dohani: hakuna kati ya haya matatu. Jiko la chuma lenye mlango na bomba lake hutumia kuni kidogo kuliko meko yoyote ya wazi, na unaweza kuhama nalo.

Lisilofaa katika hali zote ni kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Halina dohani, kwa hiyo kila kinachotoka kwenye mkaa unakivuta wewe. Watu hufa usingizini kwa njia hii kila msimu wa baridi.

Dohani na kuni

Muundo wowote utashindwa kwenye dohani mbaya. Ipande sentimita 90 juu ya mahali inapotokea kwenye paa, na angalau sentimita 60 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, ikiwemo kipaa cha jirani. Eneo la njia ya moshi liwe karibu sehemu moja ya kumi ya mdomo wa meko: kwa mdomo wa 99 kwa 99 ni sentimita za mraba 980, kama 31 kwa 31. Dohani ikiwa fupi, chini ya mita 4.5, tumia moja ya nane, 35 kwa 35. Iliyo ndani ya nyumba huvuta vizuri kuliko iliyojengwa nje ya ukuta, kwani ya nje huwa baridi kila asubuhi. Kabla ya kuwasha, choma gazeti moja juu kwenye koo; likivutwa, endelea.

Kuni ziwe kavu. Miwati iliyopasuliwa na kupangwa chini ya paa kwa miezi sita hadi mwaka ni bora. Mikaratusi inahitaji muda huo pia au zaidi. Misindano mibichi huacha lami nyeusi ndani ya dohani, na lami hiyo ndiyo inayoshika moto siku usiyotarajia. Fagia kila mwaka, na usisahau kibaraza: masizi yakirundikana hapo, koo huziba taratibu.

Ikiwa meko mpya inafuka, usibomoe kwanza. Zuia sehemu ya juu ya mdomo kwa bati, ukishusha sentimita 5 kila mara. Moshi ukikoma, linta iko juu mno, na bati limekwisha kukuonyesha kimo sahihi. Usipokoma, jaribu kipimo alichokieleza Franklin mwaka 1785, ambacho hadi leo hakijapitwa. Washa moto, funga milango na madirisha yote, kisha fungua mlango mmoja kidogo kidogo hadi moshi upande vizuri. Pima pengo. Likiwa la sentimita 1.5 kwenye mlango wa mita 2, chumba kinadai tundu la sentimita za mraba 300, yaani la 15 kwa 20. Litoboe ukutani karibu na meko au uliunganishe na mfereji wa chini ya sakafu, weka wavu, kisha urudie jaribio mlango ukiwa umefungwa kabisa.